Mstari wa Kukana Ndugu

Niliiba megafoni. Naanza na hilo ili msomaji asinipende kwanza halafu akajuta. Niliiba megafoni ya mtangazaji wa zoni yetu, nikaiga sauti yake, nikawatangazia watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, jambo ambalo halikuwepo, kisha nikaenda nyumbani kula nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga kwa amani kabisa, kama mtu aliyetoka kazini.

Kuiba kwenyewe hakukuwa na ufundi. Megafoni ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, imechomekwa kwenye umeme wa jua katikati ya simu za watu, na mwenye kibanda, baba mmoja wa Kindu, kule Kongo, anayeuza pia sabuni na ndala, alikuwa na shughuli ya kubishana. Siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli ya kubishana. Habari ilikuwa imetufikia tangu asubuhi: huko Amerika, ndani ya kituo cha jeshi, mtu amewafyatulia wanajeshi risasi, wamekufa kadhaa, na jina lake bado halijatajwa.

Nani amekufa, hakuna aliyeuliza sana. Swali lilikuwa aliyepiga ni nani.

Ni lazima nieleze kidogo. Kwetu karibu kila nyumba ina kesi. Kesi hapa si mambo ya mahakamani; ni faili lako la kuhamishiwa nchi nyingine, na inayoombewa kuliko zote ni kesi ya Amerika. Faili linaweza kulala mpaka mtoto aliyeandikwa humo akiwa mgongoni aanze kunyoa ndevu. Mtoto huyo ni mimi, ila ndevu zenyewe bado zinafikiria. Kwa hiyo kitu chochote kikitokea Amerika, iwe uchaguzi, mafuriko au risasi, sisi tunauliza tu kama kitatikisa faili.

"Mungu asaidie asikuwe mukimbizi," alisema kinyozi wa kibanda cha pili, mashine ya kunyolea ikinguruma hewani na kichwa cha mteja kikisubiri nusu.

"Kwanza asikuwe Mwafrika," mteja akajibu kutoka chini.

"Nyinyi munaomba kidogo," akasema baba wa Kindu. "Mi naomba mara tatu. Asikuwe mukimbizi, asikuwe Mukongomani, na jina yake isifanane na yangu. Bakitaja jina moja tu ya musikitini, mi nitakaa hapa mpaka hii ndala zote zizeeke."

Mzee mmoja aliyekuja kuchaji redio akatikisa kichwa. "Kumbe na basoda ba kule banapigana benyewe kwa benyewe? Mi nilijua risasi ya soda ni ya raia."

Soda kwetu ni mwanajeshi. Watu wakacheka, kicheko kile cha watu wanaojua kitu. Wengi pale walikimbia wanajeshi zaidi ya mara moja, na vijana wa rika langu walikuwa wanashindana kutaja aina ya bunduki kwa kusikia mlio tu kwenye video ya simu. Kisha wakarudia kuomba. Asikuwe wetu, asikuwe wetu. Mimi, badala ya kuona huruma, niliona kichekesho kinapita mbele yangu bila mwenyewe. Nilitazama megafoni. Megafoni ikanitazama.

Mtangazaji wetu ni mzee mwembamba wa kifua kibovu. Huanza kila tangazo kwa "tafazali" tatu, na neno la mwisho hulivuta kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nimemwiga tangu darasa la tano. Walimu wangu wamenifukuza darasani mara nyingi zaidi kwa sauti yake kuliko kwa yangu. Nikaenda nyuma ya vyoo vya shule, nikabonyeza kitufe.

"Tafazali, tafazali, tafazali! Banaitwa bote benye kesi ya Amerika. Kesho asubuhi, saa mbili, kwenye kiwanja ya mpira. Kila mukubwa wa familia akuje kusaini kama ule mutu alipiga basoda haiko ndugu yake. Akuje na picha mbiliiii!"

Nilirudia mara tatu, nikirudisha pumzi pale anaporudisha yeye, nikairudisha megafoni kwenye waya wake, nikaondoka. Nilitegemea watu wacheke. Lakini niliharibu mwenyewe kwa kutaja picha. Tangazo lisilo na picha mbili watu wetu wanaweza kulitilia shaka. Lenye picha mbili limetoka ofisini.

Asubuhi nilipita kiwanjani nikienda shule. Kwetu mtu haanzi mstari kwa kusimama, anaanza kwa kuweka jiwe. Jiwe lako, tofali lako au kidumu chako kinakushikia nafasi wakati wewe unachota maji na kuosha watoto. Saa kumi na mbili na nusu mawe yalikuwa yameshatoka goli moja hadi karibu na goli la pili. Nilisimama nikayatazama. Mtu mwenye akili angekimbilia kusema ukweli palepale. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha bombani nione itakuwaje, na shule ikaanza bila mimi.

Kufika saa mbili mawe yaligeuka watu. Na kibaya zaidi, ofisi ilikuwa imezaliwa. Kulikuwa na meza. Kulikuwa na benchi. Shemasi mmoja mwenye mwandiko mzuri alikuwa amechora daftari safu nne kwa rula: namba, jina, namba ya kesi, na safu ya mwisho iliyoandikwa SIYO NDUGU. Mtu mwingine alileta wino wa kuwekea kidole. Hakuna aliyetumwa na ofisi yoyote, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama ametumwa. Tumekaa kambini muda mrefu hata tunaweza kuzaa ofisi bila ofisi kujua.

Mtangazaji mwenyewe alikuwa mtu wa kumi kwenye mstari, akiwaeleza walio karibu.

"Mi nilijisikia nikitangaza," alisema. "Niko kitandani, kifua inaniuma, najisikia inje natangaza, tena natangaza muzuri. Nikasema, kumbe banaweka sauti yangu mu mashini. Sasa kama ni mimi nilisema, nitakataa namna gani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona mama yangu, huko nyuma, amevaa kitenge chake cha Jumapili, bahasha ya kesi kifuani. Nikajibanza zaidi asinione. Hapo zamu ya mezani ikamfikia jirani yetu.

Huyu ni mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mkaanga mandazi, na mandazi yake nimekula mengi kuliko niliyonunua. Mtoto wake wa kiume aliondoka miaka kadhaa iliyopita kwa kesi ya mjomba wake; kesi ya mama ilikuwa faili lingine, ikabaki. Kijana akamaliza shule Amerika, akaingia jeshini. Picha yake ya magwanda ilikuwa imetundikwa kwa mama karibu na kalenda. Nimeiona mara mia. Na jana yake, pale kibandani, katika maombi yetu yote ya asikuwe wetu, hakuna aliyekumbuka kwamba sisi pia tuna mtoto jeshini huko. Hata mimi.

"Jina?" shemasi akauliza. Akasema. "Namba ya kesi?" Akaitaja kwa kichwa bila kupumua.

"Bien. Unakubali kama mwenye alipiga risasi haiko ndugu yako. Weka kidole hapa."

Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakiinua, kikabaki juu. Kwa mkono mwingine akaweka picha mbili mezani. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ile ya magwanda.

"Mama, zote mbili zinatakiwa zikuwe za kwako," shemasi akasema.

"Yangu njo hii. Na hii ni ya mutoto wangu. Soma nyuma, aliandika jina ya kituo yao. Ni kituo ile ile banataja mu redio. Simu yangu iko Lilongwe kwa fundi, na laini iko ndani, tangu juma ile ilipita sijasikia sauti yake." Alisema taratibu, kama anayehesabu mandazi. "We unaniuliza kama mwenye alipiga haiko wangu. Mi sijui hata kama wangu iko muzima. Kama alikufa, ni wangu. Kama njo yeye alipiga, bado ni wangu. Sasa hii kidole nitaiweka wapi?"

Shemasi alitazama safu yake ya nne. Sauti ikatoka nyuma: "Mama, weka tu! Utatuharibia kesi!" Na nyingine: "Kama hawezi, atoke mu mustari!" Waliosimama nyuma yake wakarudi hatua moja. Ni hatua moja tu, lakini niliiona, na sikuwahi kuona watu wetu wakifanya hivyo mbele ya mtu aliyefiwa au anayeogopa kufiwa.

"Nilikuwa nakwenda Lilongwe na asubuhi," akasema yule mama, kwa shemasi au kwa kidole chake, sijui. "Kuchukua ile simu. Njo nikasikia tangazo. Nikasema nisaini kwanza."

Basi. Nilitoka nyuma ya bomba.

"Ni mimi," nikasema.

"We nini?"

"Ni mimi nilitangaza. Hakuna kusaini, hakuna ofisi. Murudi nyumbani."

Hakuna aliyeniamini. Hilo sikulitegemea. Maisha yangu yote nimeaminiwa nikisema uongo.

"Angalia huyu!" baba wa Kindu akapaza sauti. "Anataka batu batoke ili ye apite mbele!"

"Batoto ba leo banajua kuruka mustari!" mama mmoja akaongeza, na akaokota jiwe lake kutoka chini, si kwa kunipiga, kwa kulilinda.

Ikabidi nivute pumzi. Nikaweka viganja mdomoni. "Tafazali, tafazali, tafazali! Banaitwa bote benye kesi ya Amerikaaaa!"

Mtangazaji akajishika kifua. "Njo mimi," akanong'ona. "Njo mimi kabisa."

Hapo waliniamini wote kwa pamoja, na kuaminiwa na watu wengi kiasi hicho si jambo la raha. Mstari ulivunjika ukaja upande wangu. Nimekimbia mengi, lakini goli lilikuwa nyuma yangu na nyavu bado zimefungwa. Aliyenifikia wa kwanza alikuwa yule mama. Alinikamata kola ya shati la shule, wino wake ukaniachia doa hapo, akageukia wengine.

"Mumuache. Mutamupiga jioni. Sasa nahitaji mulomo yake." Akanitazama. "Unajua Kizungu?"

"Najua."

"Kichewa?"

"Najua kushinda mwalimu."

"Tunaenda Lilongwe."

Nilimtafuta mama yangu kwa macho. Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria asiyojua kama imeungua mpaka chini. Kisha akakunja bahasha yake, akaenda zake bila neno. Mama yangu ni mtu wa maneno. Kunyamaza kwake ndiko kulikonifuata njia nzima.

Tulipanda kabaza mbili, zile baiskeli za abiria, mpaka barabara ya lami, tukapata minibasi. Ruhusa ya kutoka kambini hatukuwa nayo. Kwa kizuizi cha polisi nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri, una bibi, una hospitali, una hata jina la dawa. Askari alipochungulia dirishani yule mama akanitangulia, akamwonyesha picha ya magwanda. Askari aliitazama, na nadhani naye alikuwa amesikia redio, kwa sababu alisema tu "Pitani, amayi," piteni mama, akapiga bati la gari kwa kiganja. Uongo wangu ukabaki mfukoni bila kazi.

Nilijaribu kichekesho kimoja njiani. Kilikufa palepale. Sikujaribu cha pili.

Fundi wa simu alikuwa kijana wa Kimalawi, mwavuli wake uko pembeni ya soko la Chilinde, redio inazungumzia risasi zilezile. Alituona akaanza kujitetea kwamba kioo cha simu bado hakijafika. Nikamweleza kwa Kichewa, bila kuongeza chumvi, na nilishangaa kuwa maneno ya kweli ni machache hivyo. Akazima redio.

"Kaka yangu ni mwanajeshi," akasema. "Aliwahi kupelekwa huko kwenu Kongo. Mama yetu alikuwa analala na simu kifuani mpaka ikamwachia alama. Pepani, amayi."

Nikatafsiri yote, pamoja na ile pepani, yaani pole. Yule mama akaitikia kwa kichwa. Fundi akatoa laini ndani ya simu iliyokufa, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe, akaiwasha. Dakika moja hakuna kitu. Kisha simu ikaanza kutetemeka mezani, ikasogea yenyewe kama mende. Ujumbe juu ya ujumbe: ulipigiwa, ulipigiwa, ulipigiwa. Namba ni moja, na ni ya Amerika. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile, wakati tuko kiwanjani.

"Ni yake?" akauliza.

"Ni ya huko."

Namba ya huko inaweza kupigwa na mtoto wako. Inaweza pia kupigwa na mkubwa wake, au na kasisi wa jeshi, wakimtafuta mama wa marehemu. Mimi nililijua hilo, na kwa jinsi alivyoshika ukingo wa meza, yeye alilijua kabla yangu.

"Piga," akasema. "Mi siwezi. Kama ni Muzungu anajibu, we njo usikie kwanza."

Ndiyo maana alihitaji mdomo wangu. Alitaka habari ipite kwangu kabla haijamfikia. Nilipiga. Fundi aliacha bisibisi. Simu ililia mara nne, na katika mara nne hizo Kizungu changu chote cha kidato cha tatu kilifunga virago kikaondoka.

"Hello?" Sauti ya mwanaume. "Hello? Who is this?"

"Good morning, sir," nikasema. Ndiyo pekee iliyobaki.

Kisha ile sauti ikabadilika. "We nani? Uko wapi na simu ya mama? Mama iko wapi?"

Ilikuwa ni ile "we" yetu, na hakuna jeshi linaloifundisha. Nilimpa yule mama simu. Sikuongeza neno, na wanaonifahamu hawataamini.

"Allo," akasema.

Kijana alikuwa anapiga kelele, wote tulisikia. Tangu siku ile anapiga, simu imezimwa, anapiga, imezimwa. Akaona labda ni ugonjwa, labda kambi imeungua.

"Mi nilizani umekufa!" akasema.

"Na mi nilizani umekufa!" mama akajibu, na wakaanza kucheka wote wawili, kicheko kibaya chenye maji ndani, na fundi akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikudondoka.

Kijana alisema alikuwa anafua nguo risasi zilipolia. Waliokufa, wawili aliwajua. Mama akamwacha aseme yote. Halafu akauliza, "Na mwenye alipiga?"

"Ni mwenzetu, mama. Wa huku huku. Tulikuwa tunakula naye meza moja."

"Iko na mama?"

"Iko naye. Alikuja kumuangalia siku moja."

"Ukimuona ule mama, usipite kama haumujui," akasema. "Unasikia? Umusalimie."

Tulirudi Dzaleka saa kumi na moja jioni, na jina la aliyepiga lilikuwa limetutangulia. Limetajwa redioni. Si mkimbizi, si Mwafrika, halifanani na jina la yeyote. Pale kibandani ilikuwa kama tumefunga goli. Muziki umefunguliwa, baba wa Kindu anachajia watu bure, kinyozi anasema asante Yesu na mashine yake inakubali. "Haiko wetu! Haiko wetu!" Nami, niwe mkweli, miguu yangu ilitaka kucheza. Faili letu pia limo mle.

Kisha wakamwona yule mama akishuka kwenye kabaza, na furaha ikakosa pa kujificha.

"Wangu iko muzima," akasema.

Makofi, vigelegele. Aliyepiga kelele asubuhi kwamba atoke mstarini alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Alikubali kukumbatiwa. Halafu akainua mkono.

"Benye bamekufa nabo ni batoto ba batu," akasema. "Muzime ile muziki."

Baba wa Kindu mwenyewe ndiye aliyezima. Walikaa hivyo kitambo, wanaume na wanawake, wakitazama chini, mashine ya kinyozi nayo kimya. Sijui waliomba nini. Safari hii hawakuomba kwa sauti.

Kipigo nilichoahidiwa kilipungua njiani kikawa adhabu: kwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, kuanzia kwa mtangazaji. Nilimkuta amekaa mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niseme tena ile ya megafoni. Nikasema. Akafikiri.

"Ile tafazali ya tatu unaivuta sana," akasema. "Ingine iko muzuri."

Nyumbani mama yangu alikuwa anachambua maharagwe. Doa la wino kwenye kola aliliona kabla hajaniona mimi. Nilimweleza yote: simu, fundi, vicheko vya Amerika, yule mama mwingine wa huko. Alichambua mpaka sinia likaisha. Kisha akaniwekea chakula, akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema:

"Nilikutambua na tafazali ya kwanza. Nilikuzaa, siwezi kukosea sauti yako. Nilicheka peke yangu mu jikoni. Halafu nikajiuliza, na kama ni kweli? Nikatafuta picha, nikapanga mustari. Sasa kula. Na siku ingine ukitaka kutudanganya, utudanganye na kitu kizuri, tutapanga mustari vilevile."